Je, ni haki kumfungulia mlango nyangumi muuaji aliyezaliwa bwawani?

Mdadisi wa Bahari
Ndugu wanajukwaa, sina shaka kwamba kumnasa nyangumi muuaji baharini na kumfundisha michezo ya kufurahisha watazamaji ni dhuluma. Kinachonisumbua ni wale waliozaliwa bwawani, ambao hawajawahi kujivulia hata samaki mmoja. Hata Keiko, nyangumi muuaji aliyezaliwa baharini, alinaswa Iceland mwaka 1979, akarudishwa huko 1998, akaachiwa huru 2002, na Desemba 2003 akafa kwa nimonia katika pwani ya Norwe. Tukimfungulia mlango mnyama aliyezaliwa bwawani, tunamtendea haki au tunatuliza dhamiri zetu tu?

Bint Mawimbi
Ndugu Mdadisi, swali lako ni zito, lakini kisa cha Keiko peke yake hakitoshi kulijibu. Mwaka huo huo wa 2002, Springer, jike yatima wa miaka miwili hivi, alipatikana peke yake karibu na Seattle, Marekani. Wataalamu waliutambua ukoo wake kwa milio yake, kwa kuwa kila ukoo una milio ambayo mtoto hujifunza kwa mama, na Julai wakamrudisha British Columbia, Kanada, ambako jamaa zake walimpokea na baadaye akazaa. Keiko aliwafuata nyangumi huru kwa muda, kisha akarudi kutafuta watu.

Mzee Nanga
Nakubaliana nawe, Bint Mawimbi, ila naomba tuwatazame pia meno. Nyangumi aliyechoshwa na maisha ya bwawani hutafuna kingo za saruji na vizuizi vya chuma hadi meno yanasagika na kubaki vishina. Kisha hutobolewa matundu, ambayo mtunzaji hulazimika kuyasafisha kwa maji kila siku ili uchafu usijikusanye humo. Akiachwa peke yake katika bahari kuu, kazi hiyo ataifanya nani? Marineland ya Antibes, Ufaransa, bustani ya maonyesho ya wanyama wa bahari, ilifunga milango yake Januari 2025, lakini nyangumi wauaji Wikie na mwanawe Keijo, wote waliozaliwa humo, walibaki katika mabwawa yale yale huku mamlaka na wamiliki wakivutana kuhusu mahali pa kuwapeleka. Kwa maoni yangu, wanaostahili kuachiwa kabisa ni wachache mno. Waliobaki watengewe ghuba iliyozungushiwa wavu, yenye maji ya bahari, kina cha kuzamia na daktari wa karibu, na wasizalishwe tena.

Mdadisi wa Bahari
Nashukuru, Mzee wangu. Ghuba hiyo sikuwa nimeipa uzito unaostahili. Hata hivyo, Keijo alizaliwa 2013, na majike huru huweza kuishi miaka 80 au zaidi, kwa hiyo tunazungumzia gharama ya miongo kadhaa. Ningependa sheria iwabane waliouza tiketi waweke fedha hizo kando kabla wavu haujatandazwa, kwa sababu michango ya wenye huruma hukauka mapema kuliko uhai wa nyangumi.