Kipima umbali cha leza: hiki cha gofu nichukue ama niache?

Kijana_wa_Maweni:
Wadau, salaam aleikum. Niko Malindi. Mwezi wa saba naingia kazini Tanzania kwenye kitalu cha uwindaji wa kitalii, msaidizi wa mwindaji bingwa. Kazi yangu ni kumtafuta mnyama kwa darubini na kutaja umbali kabla mteja hajalenga. Kuna mtu ananiuzia kipima umbali cha leza cha wacheza gofu, boksi limeandikwa 1000, bei ni nusu ya vile vya uwindaji. Je, kitafaa? Hiyo 1000 ni ya kweli? Na nijizoeze vipi kukisia kwa jicho nikiwa huku pwani, maana kwetu kuwinda kumepigwa marufuku tangu 1977?

FundiLenzi:
Waaleikum salaam. Kwanza uliza hiyo 1000 ni mita au yadi. Vingi vinavyotengenezewa soko la Marekani huja na yadi. Yadi 300 ni mita 274 tu, kwa hivyo ukimsomea mteja yadi naye darubini ya bunduki yake imepangwa kwa mita, risasi inapita juu.

Pili, namba ya boksi hupatikana kwa kupima kitu kinachorudisha mwanga vizuri, mfano kibao cha barabarani. Kifaa hutoa mpigo wa mwanga usioonekana kisha huhesabu muda wa kwenda na kurudi; kwa mita 300 ni kama sehemu mbili za milioni za sekunde. Manyoya hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo, na jua la saa saba mchana linaongeza vurugu kwenye kipokezi. Kifaa cha 1000 hesabu 400 hadi 500 kwa mnyama, na chini ya hapo jua likiwaka. Kwa kazi yako hiyo inatosha. Namba isikutie hofu.

Kinachonitia hofu mimi ni hesabu ya mlima. Cha gofu kikiwa kwenye hali ya "slope", ukipima kupanda kinaongeza umbali, ukipima kuteremka kinapunguza, kwa sababu mpira unaopigwa kwenda juu hufika karibu zaidi. Risasi haiko hivyo. Mvuto wa ardhi huivuta kulingana na umbali wa mlalo, yaani ule wa ardhi tambarare bila kuhesabu mwinuko, kwa hivyo ukilenga juu au chini, pote unatumia namba ndogo kuliko uliyopima. Mita 300 kwa pembe ya digrii 30 unalenga kama 260. Cha gofu hapo, mnyama akiwa juu, kitakuandikia zaidi ya 300. Kimekosea upande kabisa! Vya bunduki huonyesha huo umbali wa mlalo wenyewe. Vortex huandika HCD, Bushnell huita ARC na unachagua "rifle".

Tatu, cha gofu kimefundishwa kushika kitu cha karibu, yaani bendera iliyo mbele ya miti. Porini kitu cha karibu ni nyasi na matawi. Unamwona swala pala nyuma ya kichaka, kifaa kinakusomea kichaka. Tafuta chenye hali ya kushika kitu cha mbali.

Nahodha_Shela:
Hayo ya FundiLenzi ni kweli, lakini betri zikiisha? Jicho kwanza bwana.

Usikisie mita 300 kwa mkupuo. Jaza kichwani kipande cha mita 100, ambacho ni karibu urefu wa uwanja wa mpira, kisha kihesabu kimoja kimoja hadi kwa kitu. Ikipita 500 kata katikati: kisia nusu, zidisha mara mbili. Halafu kisia tena kwa njia nyingine: "haiwezi kuwa zaidi ya 400, haiwezi kuwa chini ya 250", chukua 325.

Jicho hudanganya kwa mpango unaojulikana. Juu ya maji au mchanga mtupu kitu huonekana karibu kuliko kilivyo. Vivyo hivyo jua likiwa mgongoni mwako, au pakiwa na bonde usiloliona kati yenu. Kivulini, jua likiwa machoni, au ukiwa umelala kifudifudi, huonekana mbali. Hapo Malindi simama ufuoni maji yakiwa yametoka, kisia hadi nguzo ya Vasco da Gama, kisha pima kwenye ramani ya simu. Andika kisio KABLA ya kupima, la sivyo unajidanganya. Ila ukijizoeza ufuoni tu, jicho litazoea mahali pa wazi, na ukiingia msituni utakuwa unazidisha. Nenda pia kwenye mashamba ya minazi.

Kijana_wa_Maweni:
Shukran sana. Nikikosea mita 50 kuna madhara makubwa kweli? Na zile nukta za mili, alama za kupimia pembe ndani ya darubini ya bunduki, haziwezi kunisaidia?

Kaka_Tripodi:
Inategemea uko wapi. Chukua bunduki ya .308 yenye risasi ya grein 168 (uzito wa kama gramu 11), imewekwa igonge katikati kwa mita 100. Kwa 150 risasi imeshuka kama sentimita 5, hakuna atakayelalamika. Kwa 300 imeshuka karibu nusu mita, na kutoka 300 hadi 350 inaongeza kama sentimita 25. Hapo umejeruhi mnyama, na mtashinda mkifuata damu hadi magharibi. Kwa hivyo chini ya 150 usihangaike na vitufe, taja namba upesi. Kuanzia 200 pima, na pima mara tatu: mwili wa mnyama, mti ulio kando yake, na ardhi iliyo miguuni pake. Namba mbili zikikubaliana, ndiyo hiyo.

Mili: ukubwa wa kitu kwa mita, zidisha 1000, gawa kwa mili. Pala dume begani ni kama mita 0.9, akichukua mili 3, yuko mita 300. Ukisoma 3.3 badala ya 3, unapata 273. Umeona kosa dogo la jicho linavyokula mita? Na nyasi zikificha kwato unapima mguu pungufu, unamtaja mbali kuliko alipo. Darubini nyingi nukta zake ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa mwisho. Jaribu kwa goli la mpira: urefu wake kwenda juu ni mita 2.44, kwa mita 300 lisome mili 8.1.

FundiLenzi:
Nyongeza ya chumvi. Lenzi ikipata mvuke wa bahari usiipanguse kwa kanga wala fulana, chumvi inachora kioo. Mwagia maji matamu kwanza, acha yachuruzike, kisha kitambaa cha miwani. Ihifadhi kwenye kopo na vile vipakiti vya kukausha unyevu, kuvu la pwani huota ndani ya lenzi.

Na betri: vingi hutumia CR2, nene kama kidole gumba, volti 3. Ukiagiza bila picha utaletewa 2032, ile bapa ya saa. Za CR2 za kuchaji nyingine hufika volti 4.2, zitaunguza kifaa.

Kijana_wa_Maweni:
Nimemuuliza muuzaji. Anasema ni yadi tu, na slope haina pa kuzimia.

Kaka_Tripodi:
Mrudishie. Ungezidisha yadi kwa 0.91 ungepata mita, hilo si tatizo. Ila slope isiyozimika huwezi kuihesabu kichwani mnyama akiwa anatembea.

Nahodha_Shela:
Na ukipata kingine usilipe kabla hujakijaribu saa saba mchana kwa ng'ombe mweusi. Dukani wote wanakuonyesha ukuta mweupe.