Maji ya rejeta: kisima, ya betri au kulanti?

Tegeta_7: Wakuu, kesho asubuhi namwaga maji ya rejeta. Nyumbani kuna kisima, dukani kuna maji ya betri na kulanti (maji yenye dawa ya kupozea injini) ya kijani ya galoni. Niweke yapi?

Spana14: Gari gani? Sasa hivi ndani mna nini? Galoni ni la kumimina hivyo hivyo au la kuchanganya?

Mwendo_Pole: Maji matupu, mkuu. Dar hakuna barafu, na maji hubeba joto kuliko kulanti.

Spana14: Joto ni kweli. Ila maji matupu, hata ya betri, hayana dawa ya kuzuia kutu, na silinda hedi nyingi za sasa ni alumini. Kisima usiguse kabisa. Vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hutoboa alumini vitundu vitundu. Chungulia birika la chai: lile ganda jeupe ndilo linaloziba mirija ya rejeta.

Gereji_Ndogo: Kuna Noah ililetwa inachemsha ikipanda mlima, kwenye foleni imetulia. Miaka miwili ilikuwa inajazwa maji ya kisima. Mwenyewe alishabadilisha feni, hela ikaenda bure. Ukipitisha kiganja kwenye rejeta, injini imezimwa, hapa moto, pale baridi: mirija imeziba. Pampu ya maji ilipofunguliwa, mapanga yamelika, tope la kahawia limejaa. Gasketi ya hedi nayo ilishaungua.

Tegeta_7: Samahani, ni IST, injini 1NZ. Ndani maji ya kutu. Galoni ni la kuchanganya. Thamostati fundi aliitoa.

Mwendo_Pole: Joto hili thamostati ya nini?

Gereji_Ndogo: Ndiyo vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake. Ya 1NZ hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo kompyuta inaona injini bado baridi, inaongeza petroli. Mafuta unayanunua wewe.

Spana14: Sasa fanya hivi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, legeza koki ya chini, mwaga. Jaza maji ya betri (soma chupa vizuri, isije ikawa asidi), washa na hita ya ndani iwe moto mwisho, dakika 15, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Hapo ndipo urudishe thamostati. Mfumo mzima ni kama lita 5 na karibu nusu hubaki ndani ya injini, kwa hiyo tanguliza lita 2.5 za kulanti, kisha malizia na maji ya betri. Ukichanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo, yaliyobaki ndani yataizimua.

Mwendo_Pole: Kwa Dar kulanti asilimia 30 inatosha.

Spana14: Inatosha, usishuke hapo.

Tegeta_7: Kifuniko cha rejeta nacho kinavuja kidogo, raba imepasuka.

Gereji_Ndogo: Hilo ungeanza nalo! Presha ikitoka, maji yanachemka mapema, hata uweke kulanti gani. Juu kimeandikwa presha ya 0.9 au 1.1, ununue kinacholingana?