Bibi amesahau chai ya asubuhi, lakini hakosei fundo la wavu

Swali: Ndugu zangu, bibi yetu hapa Kirumba huuliza mara nne kama amekunywa chai, ilhali kikombe kitupu kiko mbele yake. Hata hivyo, hushona nyavu za dagaa bila kukosea. Kwa nini?

Jibu: Poleni sana. Kumbukumbu mpya hutegemea hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, kabla ya kukita polepole kwenye gamba lake, yaani tabaka la nje la ubongo. Ugonjwa alioueleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906 kwa kawaida huanza kuharibu eneo hilo. Ustadi wa mikono huhifadhiwa kwingine.

Jibu: Mpelekeni hospitali mapema, maana upungufu wa vitamini B12 pia husababisha usahaulifu, nao hutibika. Nyavu msimnyang'anye.