UZI WA MALALAMIKO: Tunalipia dashibodi za mauzo ya magemu zinazotuonyesha pesa ambazo hazipo

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nimeongea na vijana wenzangu wa Dar na Arusha wanaouza magemu mtandaoni, kilio ni hichohicho, ila kila mtu analia chumbani kwake. Leo tulie hadharani.

Kwa wasiotujua, sisi ni vijana watatu wa Pemba. Mimi naandika programu, mwenzangu anachora, wa tatu ni mtu wa sauti na muziki. Tumetoa gemu la mbio za ngalawa, bei dola 10, lipo kwenye maduka ya magemu ya mtandaoni, Steam na itch.io. Sasa ukishatoa gemu unataka kujua limeuzwa wapi, lini, na kitakachoingia mfukoni ni kiasi gani. Kila duka lina ripoti zake, lakini zimetawanyika, na ndipo yalipozuka haya makampuni ya nje yanayokwambia: unganisha akaunti zako kwetu, tulipe dola kadhaa kwa mwezi, tutakukusanyia kila kitu mahali pamoja na grafu nzuri. Tukalipia. Jina la kampuni siliweki hapa, na wala ugonjwa huu si wa kampuni moja.

Juu kabisa ya dashibodi yao kuna namba kubwa ya kijani. Inapanda kila nakala inapouzwa. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiiona ataamini ndiyo pesa yake. Wallahi si pesa yake. Ni bei ya rafuni mara idadi ya nakala, kabla ya mtu yeyote kukata chochote.

Tuhesabu pamoja nakala moja tu.

Mmarekani ananunua kwa dola 10. Steam inachukua asilimia 30, kiwango chao kwa gemu ambalo halijafikisha mauzo ya dola milioni 10, maana yake sote tuliomo humu. Zinabaki dola 7. Hapo inakuja kodi ya zuio ya Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo ile W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani tunayoijaza sisi wa nje, haitupunguzii hata senti, tunakatwa asilimia 30 kamili ya zile 7. Zinaondoka dola 2 na senti 10, unabaki na 4 na senti 90. Chini ya nusu, na hapo benki bado haijachukua chake cha kupokea pesa kutoka nje.

Mjerumani naye ananunua kwa bei inayolingana na dola 10. Humo ndani mna VAT ya asilimia 19. Itoe, zinabaki 8.40. Duka likishachukua lake, una 5.88. Hungary ambako VAT ni asilimia 27, unashuka mpaka 5.51.

Dashibodi inasemaje kwa wote watatu? Kumi, kumi, kumi. Thelathini ya kijani, inang'aa. Kilichopo ni dola 16 na ushei.

Bado hatujagusa wanaorudisha. Steam inamruhusu mnunuzi kurejeshewa pesa ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa 2, na sina ugomvi na hilo, ni haki ya mnunuzi. Ila gemu letu ni fupi, mchezaji hodari anaweza kumaliza mashindano yote kabla ya saa 2 kwisha. Waliorudishiwa wapo, na dashibodi inawajua, maana imewaweka kwenye ukurasa mwingine wenye grafu yake ndogo ya kijivu. Kwenye namba ya kijani hawatolewi. Na zile funguo za bure, namba za kufungulia gemu bila kulipa, tulizowapa watu wa YouTube ili walionyeshe? Zimehesabiwa nakala zilizouzwa, kwa bei kamili.

Mkulima wa karafuu wa Wete akichuma pishi za mbichi hatembei mtaani akisema ana pesa ya pishi zote hizo. Anajua kuna makonyo ya kuchambua, kuna jua litakalonyonya maji kwenye jamvi, na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, itakuja kupima kavu. Hawa wanatupimia mbichi halafu wanatupa risiti ya kavu.

Sasa niwaeleze kwa nini nimefika kuandika. Mchoraji wetu ana ruhusa ya kuingia kwenye dashibodi, na ndivyo inavyotakiwa, kazi ni ya wote. Makubaliano yetu ni theluthi kwa theluthi. Wiki ya kwanza akaiona ile namba, akaigawa kwa tatu, akatoa arbuni ya kompyuta kwa mtu wa Darajani, amalizie pesa zikiingia. Steam hailipi papo kwa papo, mauzo ya mwezi huu yanalipwa mwezi ukishakwisha, na yasipofika dola 100 yanasubiri. Akangoja. Zilipoingia, fungu lake halikufika nusu ya alichokihesabu. Na mwenye akaunti ya benki ni mimi.

Hakunitukana. Aliacha tu kupokea simu zangu. Kisha ami yake akaniita barazani kwake, Chake Chake, baada ya magharibi.

"Mwanangu," akasema, "mimi haya ya kompyuta siyajui. Nionyeshe tu pesa ya kijana imekwenda wapi."

Nilikwenda na ripoti ya mwezi ya duka na taarifa ya benki, zote nimezichapisha. Mzee akavaa miwani, akaweka simu ya mpwa wake yenye skrinishoti ya dashibodi kando ya karatasi zangu, akateremka mstari kwa mstari kwa kidole. Alipofika kwenye kodi ya zuio akasimama. "Na hii mbona kwenye simu haipo?" Nikamwambia, ami, haipo kwa sababu hawakuiweka. Akaniangalia muda mrefu. Tulikaa pale mpaka isha inaadhiniwa, na alhamdulillahi tuliondoka tumepeana mikono. Lakini kompyuta ilishauzwa kwa mtu mwingine na arbuni haikurudi. Na mimi nimeshawahi kutazamwa barazani kama mwizi wa jasho la mwenzangu, kwa sababu ya namba iliyopambwa na watu wasionijua.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "si grafu tu hizo" napandwa na damu.

Niliwaandikia wenye dashibodi. Jibu lilikuja la heshima sana na tupu kabisa: takwimu zetu ni za mwongozo, tafadhali soma makala ya msaada. Nikaitafuta makala. Ni ndefu, na habari ya makato ni sentensi moja karibu na mwisho. Nikaomba nirejeshewe malipo ya mwezi ule, wakasema utaratibu wao hauruhusu. Aliyenunua gemu letu ana siku 14 za kubadili mawazo. Sisi tunaowalipa wao kila mwezi hatuna hata saa moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili si gumu. Ripoti ya mauzo ya Steam ukiipakua imeshatenganisha kila nchi na kila kitu: mauzo ghafi, yaliyorudishwa, kodi, na kinachobaki. Chombo chao kinasoma hizohizo safu. Kodi ya zuio nayo inajulikana tangu siku unayojaza fomu yako ya kodi, haibadiliki kila asubuhi. Kwa hiyo wanayo hesabu kamili mkononi, wameamua kuweka juu ile inayopendeza, kwa kuwa mteja anayeona namba kubwa hafuti usajili. Hilo ni changa la macho.

Na makato ya maduka hayafanani. Kule itch.io muuzaji mwenyewe ndiye anayechagua duka lichukue asilimia ngapi, ukiacha ilivyo ni 10. Google Play, duka la magemu ya simu, Julai 2021 ilitushushia sisi wadogo mpaka 15 kwenye dola milioni ya kwanza ya mwaka. Kila duka na desturi yake, halafu chombo kinakuja kuyajumlisha yote kama maji kwenye pipa moja. Nini faida ya kukusanya mahali pamoja kama mkusanyo wenyewe unafuta tofauti tuliyotaka kuiona?

Kuna na hili la nchi. Tulitaka kujua kama ndugu zetu wa Muscat na Dubai wananunua, maana gemu lina sauti za Kiswahili na tulitamani kulitangaza huko. Ripoti ya duka, ya bure, inataja Oman, inataja Imarati, inataja Tanzania. Dashibodi ya kulipia imetutia sote kwenye fungu moja la "Afrika na Mashariki ya Kati". Ujerumani, Ufaransa na Uingereza kila mmoja ana bendera yake na rangi yake. Tunalipa dola zilezile wanazolipa watu wa Berlin jamani.

Saa nazo zimevurugwa. Mapunguzo makubwa ya Steam huanza saa 4 asubuhi kwa saa za Pasifiki, kwetu huwa saa 2 usiku au saa 3 kutegemea msimu. Dashibodi inakata siku usiku wa manane wa Ulaya, kwa hiyo siku ya kwanza ya punguzo inapasuliwa vipande viwili na huwezi kuilinganisha na punguzo lililopita bila kuhesabu upya kwa mkono.

Ukurasa wenyewe ni mzito, unameza bando. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipoharibika baharini na intaneti ya Tanzania nzima ikawa ya kusuasua, haukufunguka kabisa, na faili la kupakua halikuwemo kwenye kifurushi chetu. Ndiyo, takwimu za gemu langu mwenyewe, kuzipakua ni kifurushi cha juu zaidi.

Ninachokitaka ni hiki. Namba ya juu iwe ile itakayofika benki, baada ya duka, VAT, waliorudisha na kodi ya zuio kulingana na nchi ya muuzaji. Wakitaka kuonyesha mauzo ghafi waionyeshe chini, kwa maandishi ya kawaida. Funguo za bure zitoke kwenye mauzo. Kila nchi iandikwe kwa jina lake. Na takwimu zangu nizipakue bila kuongezwa bei.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu ya jana:

Mkuu uliyesema tuachane na dashibodi, tutumie tovuti za bure zinazokadiria mauzo: hizo ni kitu kingine. Zamani Steam Spy ya Sergey Galyonkin, tangu 2015, ilikuwa inasoma maktaba za wachezaji zilizokuwa wazi. Aprili 2018 Valve, wenye Steam, wakaficha maktaba hizo kwa kila mtu asiyechagua kuzifungua, na njia ile ikaziba. Nyingi za sasa zinaanza na idadi ya maoni ya wachezaji na kuizidisha, mara 20, mara 30, hata 50. Kwa gemu lenye maelfu ya maoni unaweza kupata picha. Kwa gemu lenye maoni kumi na kitu, rafiki zako wawili wakiandika sifa umeshauza nakala hewa mia moja. Zitumie kuangalia soko, usizitumie kugawana pesa.

Dada uliyeuliza kama ni salama kuwapa akaunti: usiwape akaunti yako kuu hata wakikubembeleza. Steam inakuruhusu kumwongeza mtumiaji mwingine na kumpa ruhusa ya kutazama mambo ya fedha peke yake. Fungua huyo, wape huyo. Siku ukiwachoka unamfuta, na hawajawahi kugusa faili la gemu wala ukurasa wa duka lako.

Na wewe uliyeandika "hamkulazimishwa": sawa, hatukulazimishwa. Hata anayenunua mchele hakulazimishwa, ila mizani ikikaguliwa ikakutwa na hila, mwenye duka anaulizwa.

Usajili nimeshaufuta. Nimetengeneza jedwali la ekseli linalosoma ripoti za Steam na itch.io, unaweka nchi na asilimia ya zuio, linakupa fungu la kila mtu. Nalipandisha hapa usiku huu, bure. Nawaomba kitu kimoja: anayelipia huduma yoyote ya aina hii aifungue sasa hivi, atazame kama kuna mstari wa kodi ya zuio. Kama haupo, aandike hapa chini anauza duka gani na analipwa kwa njia ipi. Tukifika watu wa kutosha tunaandika barua moja kwa makampuni yote, na rasimu ninayo tayari.