Ni nini hasa kinachomfanya mtu aanzishe biashara yake mwenyewe?

Muulizaji, Mafinga
Salaam, ndugu zangu. Nimeajiriwa katika yadi ya mbao hapa Mafinga, na mshahara wangu, ingawa si mkubwa, unaingia kwa wakati. Hata hivyo, wenzangu kadhaa wameacha kazi: mmoja ananunua mirunda kwa wenye mashamba madogo ya miti na kuwauzia mafundi ujenzi, mwingine amefungua duka la misumari na mabati, na wote wanasema hawajutii, ingawa kuna siku wanafunga bila kuuza chochote. Je, kinachowasukuma ni tamaa ya fedha, au kuna jambo ambalo mwajiriwa halioni?

Mama Viazi, Makambako
Mwanangu, nitakujibu kwa upande wa viazi mviringo, kwa kuwa ndiyo biashara ninayoifahamu. Tulipokuwa wakulima tu, mnunuzi alikuja shambani na magunia yake, akalijaza gunia hadi mdomoni, kisha akashonea wavu wa kamba juu yake na kuendelea kujaza. Hiyo ndiyo lumbesa, na ingawa sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, sisi tulilipwa bei ya gunia moja tu. Hatukuwa na namna ya kukataa, maana viazi vikishachimbwa havikai. Nilianza kununua na kusafirisha mwenyewe hadi Dar es Salaam kwa sababu nilichoka kupangiwa bei na mtu ambaye hakushika jembe. Sasa ninapima kwa mizani, na mkulima anasoma kilo zake kabla sijamlipa. Faida ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, hasa wakati wa masika lori linapokwama kwenye barabara za vijijini, lakini bei ninaijua tangu shambani hadi sokoni, na hilo kwangu lina thamani kubwa.

Mchangiaji, Uyole
Ninamheshimu mama kwa maelezo yake, lakini tusiwafiche vijana ukweli. Wengi ninaowaona Mwanjelwa wakiuza mitumba hawakuchagua biashara. Wamesomea ualimu au uhasibu, wameomba ajira mara nyingi, na meza ya nguo ndiyo iliyobaki. Wapo pia walioanza kwa sababu mkopo ulipatikana. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba na imewasaidia wengi, lakini nimeona vikundi vilivyoundwa haraka ili kupata fedha tu, bila wanachama kukubaliana wanakwenda kuuza nini na kwa nani. Vikundi hivyo havikudumu.

Mchangiaji, Iringa Mjini
Kaka wa Mafinga, wewe una kitu ambacho wengi wetu hatukuwa nacho tulipoanza: unawajua wateja kabla ya kuwa na mtaji. Bila shaka unajua ni mbao zipi wanazirudisha kwa kuwa zimepinda baada ya kuuzwa mbichi, na ni vipimo gani mafundi wanavitafuta wakavikosa. Ukiona kasoro ambayo mwajiri wako hataki kuirekebisha na una hakika unaweza kuirekebisha wewe, hiyo ni sababu ya kutosha. Kama huioni bado, baki kazini, weka akiba kwenye kikoba, na uendelee kuwasikiliza mafundi.