PD-L1 asilimia 60 kwenye kansa ya mapafu, nifurahi au nilie?

kijana_wa_Tandale: Wakuu habarini. Baba mdogo kakohoa miezi kibao, kila dispensari wanasema TB, kameza dawa wapi, mwisho wakachukua kinyama ndo ikaonekana kansa ya mapafu, aina inaitwa adenokasinoma. Sasa majibu yanasema PD-L1 asilimia 60 na daktari kafurahi!! Mi nilijua namba kubwa ni balaa. Hiyo ni protini gani?

Mama Nasra: Pole sana mwanangu. Mi niko maabara, si daktari. Iko hivi, seli T za kinga zikimkuta adui zinamwaga interferoni gama, moja ya saitokini yani kemikali za kinga za kuitana, kama kupiga filimbi wenzao waje. Shida kansa nayo inaisikia hiyo filimbi, basi inajivika PD-L1 kwa nje, seli T ikija kuigusa kwa PD-1 yake, kipokezi kilicho juu yake, inalegea inajua huyu wa nyumbani. 60 maana yake katika seli 100 za kansa kama 60 zimevaa hilo koti. Kafurahi kwa sababu dawa za kuziba hapo zipo, pembrolizumab Marekani waliiruhusu 2016 kuanza nayo bila kemo kwa wenye 50 kwenda juu. Ila uliza kwanza kama wamepima jeni za EGFR na ALK kwenye hiyo kansa, wenye hitilafu kwenye hizo wana vidonge vyao.

Bandari77: Bei yake sasa, uza kiwanja 😅 Halafu mama, si tuzuie hizo saitokini mapema tu kansa isije? Kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anauza manjano kwa kazi hiyo hiyo.

Mama Nasra: @Bandari77 manjano weka kwenye pilau. Ila swali lako zuri, canakinumab, dawa inayozuia saitokini moja inaitwa intalukini-1 beta, walipewa wagonjwa wa moyo, utafiti wa CANTOS, watu zaidi ya 10,000, 2017 ikaonekana waliochomwa hiyo dawa kansa ya mapafu iliwapata wachache zaidi. Watu wakashangilia, wakawapa wenye kansa tayari, majaribio ya CANOPY, ikafeli. Mchwa ukiwamwagia dawa hawajapanda darini sawa, wakishakula boriti utamwaga mpaka uchoke. Na hukohuko CANTOS vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo, maana hizo saitokini ndo zinaita askari hata kwa nimonia.

kijana_wa_Tandale: Asante mama. Nimeangalia karatasi yote, kipimo cha EGFR hakipo wala cha ALK. Jumatatu narudi nayo.