Paa linavuja na mvua kubwa iko njiani: turubai, lami, silikoni au skrubu?

Mwenyeji_Nkuhungu
Habari zenu wakuu. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoijua kazi. Nyumba ni ya vyumba vitatu, bati la migongo geji 30, misumari ya bati ya kawaida, umri miaka kama 15. Panavuja sehemu tatu: chini ya kofia (bati linalofunika kilele cha paa), kwenye misumari ya upande wa mashariki, na pale bati la baraza linapokutana na ukuta. Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wa hali mbaya ya hewa hutazama siku tano mbele, kwa hiyo likitoka angalizo nahesabu siku nne za kazi. Kuezeka upya msimu huu haiwezekani. Kati ya turubai, lami na kitambaa, silikoni, na kubadili misumari kuweka skrubu, kipi kianze na kipi ni kutupa hela?

Fundi_Ipagala
Mkuu, hivyo vinne havifanyi kazi moja, ndiyo maana kila duka linakupa jibu lake. Lami na silikoni vinazuia maji. Skrubu inazuia upepo, na maji ya kwenye tundu lake. Turubai linazuia maji lakini lina ugomvi na upepo. Dodoma mvua kubwa haiji peke yake. Upepo wa vumbi hutangulia, dakika chache baadaye ndipo matone yanaanza. Upepo huo ukikuta bati limelegea, unalifungua, na lami yako yote inabaki juu ya bati lililoko kwa jirani. Kwa hiyo skrubu kwanza, bila mjadala.

Misumari haikulegea kwa sababu fundi alikuwa mbaya. Bati la futi 10 hurefuka karibu milimita moja na nusu likipanda nyuzi 40 kutoka ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa nane, na usiku linajikunja tena. Kila siku linautikisa msumari, tundu la bati linakuwa refu kama yai, na kichwa kinanyanyuka. Ukiugonga urudi chini unakaa wiki chache tu, maana tundu la kwenye papi (mbao za kulala zinazoshika bati) nalo limeshapanuka.

Nunua skrubu za bati zenye washa ya mpira (kiduara cha kuziba chini ya kichwa), unene wa milimita 6 hivi, urefu inchi 2½. Msumari ung'oe kwa nyundo ya makucha huku umeweka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo, usije ukauponda mgongo wa bati. Kisha zungusha skrubu kwenye tundu lile lile. Kwa kuwa ni nene kuliko msumari, inauma mbao mpya. Kaza mpaka mpira utokeze kidogo pembeni mwa washa, uishie hapo. Ukikaza hadi mpira uchuruzike nje, utapasuka kwa jua kabla ya Krismasi. Ukikaza kidogo, maji yanapita.

Kabla ya yote, choma papi kwa bisbisi. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshakula na skrubu haitashika kitu. Pigilia mbao mpya ya 2x3 ubavuni mwa ile ya zamani, ifike kwenye kenchi mbili (fremu za mbao zinazobeba paa), halafu funga skrubu kwenye mbao mpya.

Swaswa_Rangi
Nakubaliana na Fundi kuhusu upepo, ila mwenye siku nne na hela ndogo asidharau lami. Kwa tundu la kutu lililo katikati ya bati, skrubu haina la kufanya hapo.

Anayefanya vizuri anafuata hivi. Kutu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye thina, si maji, maana vumbi letu likilowa linakuwa tope jembamba na lami inashika tope badala ya bati. Paka lami ya kwanza, laza wavu wa nyuzi za kioo au kitambaa cha pamba kilichovuka tundu kwa sentimita 10 kila upande, kisukume kwa brashi hadi lami itokeze juu yake, ngoja kikauke, paka ya pili. Lita moja inatosha kama mita moja ya mraba kwa kupaka mara mbili. Ipewe siku nzima ya kukauka kabla ya mvua.

Ubaya wake niuseme wazi. Kwa jua la huku lami hulainika mchana, na baada ya msimu mmoja au miwili inakuwa ngumu na kupasuka. Pia ukishapaka lami, silikoni wala rangi ya kawaida haitashika tena mahali hapo. Na wanaokinga maji ya mvua watoe bomba la gata kwenye simtanki kwa mvua za mwanzo, yale maji yananuka lami.

Fundi_Ipagala
Kweli kabisa, kwa tundu la kutu lami na wavu ndiyo yenyewe. Usiipake kwenye kichwa cha msumari uliolegea tu. Msumari unatembea, lami haitembei, ufa unazaliwa mle mle. Saruji ndiyo mbaya zaidi, na bado watu wanaijaza chini ya kofia kila mwaka.

Silikoni nayo ina kazi yake: mwanya mwembamba kati ya bati na bati, na ukingo wa kofia. Ila nusa kwanza. Ikinuka siki, ina asidi na itakula zinki. Utaona mstari mweupe kuzunguka ulipopaka, kisha kutu. Chukua isiyo na asidi, imeandikwa kwenye bomba. Paka asubuhi, bati likiwa kavu na halijachemka. Hukomaa milimita mbili au tatu kwa siku kuanzia nje kuingia ndani, kwa hiyo donge nene ulilopaka jioni kabla ya mvua bado ni uji katikati.

Kenchi_Nzuguni
Niongelee turubai, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Mazoea ni kutandika turubai na kuweka mawe au matofali juu. Tupige hesabu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 48 kwa kila mita ya mraba, na kwenye pembe na kingo za paa mvuto wa kwenda juu unaweza kuwa mara mbili ya hapo. Bati la futi 10 lina mita za mraba mbili na ushee na uzito wa kilo 6 au 7. Kwa hiyo linavutwa juu kwa zaidi ya kilo 100. Tofali la inchi sita lina kilo ishirini na kitu. Halishiki paa; linasubiri kuanguka kwenye kichwa cha mtu.

Turubai linafaa pale tu ambapo bati limetoboka vibaya na huna la kubadilisha. Lianzie ng'ambo ya kofia, lishuke upande wa pili walau mita moja, maana likiishia chini ya kofia maji yanaingia kwa juu yake na unakuwa umejenga bwawa. Ncha usizifunge kwa kamba kwenye vitundu vyake, hung'oka kimoja baada ya kingine. Viringisha ukingo mara mbili kwenye ubao wa 1x2, kisha funga ubao huo kwa skrubu kila sentimita 30, juu ya migongo, mahali penye papi chini yake. Ukingo wa chini upite fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), uviringwe na ufungwe kwa ndani. Ukivuta likatulia kama ngozi ya ngoma, sawa. Likipiga kelele kwa upepo wa kawaida, fungua uanze tena.

Bi_Ilazo
Shikamooni wakubwa. Na sisi wenye nyumba za kuficha bati, zile ambazo ukuta umepanda kuzunguka paa? Kwa chini halionekani tatizo, lakini dari ya jipsamu imeshaweka ramani.

Kenchi_Nzuguni
Marahaba dada. Kwenu bati si mshukiwa wa kwanza, ni ule mfereji wa ndani nyuma ya ukuta. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 50 kwa saa moja linateremsha lita 7,500, na zote zinatafuta bomba moja lililozibwa na majani ya mwarobaini. Maji yanapanda, yanavuka mwisho wa bati, yanashukia ndani.

Panda leo usafishe mfereji, mimina ndoo mbili kwenye kila bomba uone zinavyoondoka. Kisha toboa tundu la dharura ukutani, bomba la inchi 2 au 3, na kitako chake kiwe chini ya ukingo wa bati. Ukiona maji yanamwagika hapo nje, ujue limeokoa dari na limekuambia bomba kuu limeziba. Turubai kwenu ni bure.

Na jipsamu ikianza kuvimba tumbo usiku wa mvua, zima swichi kuu, weka ndoo, toboa katikati ya tumbo kwa bisbisi. Tundu dogo utaliziba baadaye. Ukiacha, bodi nzima inashuka.

Jirani_Bahi
Wengine tuna wazazi kwenye tembe bado, zile nyumba za paa bapa la udongo. Watu hukimbilia kuongeza udongo juu, na ndiyo hatari yenyewe. Sentimita 10 za udongo uliolowa ni kama kilo 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, na zile boriti ni za zamani. Badala ya kuongeza, jaza nyufa za kiangazi kwa udongo wa kichuguu uliopondwa laini, nyunyizia maji kidogo, shindilia. Rudisha mteremko mdogo kuelekea kwenye vitoleo vya maji na uvifungue. Boriti iliyopinda ipewe nguzo chini yake, ikalie jiwe bapa isizame sakafuni. Nailoni nzito inafaa, lakini ikae chini ya tabaka la udongo wa juu; ikiwekwa juu kabisa jua linaila na upepo unaichukua.

Mwenyeji_Nkuhungu
Asanteni sana. Nimeshika: skrubu, kisha lami kwenye matundu. Maswali mawili. Ule mwungano wa baraza na ukuta nifanyeje? Na nikipata skrubu 200 tu, wakati mabati ni 40, niziweke wapi?

Fundi_Ipagala
Baraza: lipu ya ukutani inameza maji na kuyatema nyuma ya bati. Kwa siku zako hizi, tumia mkanda wa lami wenye uso wa alumini, upana sentimita 15 au 20, nusu ukutani nusu kwenye bati. Lipu isuguliwe kwanza na kupakwa lami laini, la sivyo mkanda utabanduka na vumbi lake mgongoni. Ukingo wa juu ubanwe kwa ukanda wa bati, skrubu na plagi kila sentimita 25, na silikoni juu ya ukanda. Baadaye, mvua zikiisha, fundi akate mfereji wa sentimita 2 kwenye lipu na kuchomeka bati lililokunjwa. Hiyo ndiyo dawa ya miaka.

Skrubu: kuyafunga mabati 40 kikamilifu kunataka kama 640, yaani tano kwenye papi ya chini, tano ya juu, tatu tatu za katikati. Kwa 200, anza na pembe nne za nyumba, bati mbili za kila pembe uzimalize kabisa. Hapo umetumia 128. Zilizobaki 72 gawa kwenye papi ya chini ya upande wa mashariki, mgongo mmoja ndiyo mwingine hapana, halafu kofia. Katikati ya paa misumari ya zamani itavumilia msimu.

Panda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shuka saa nne kabla bati halijachoma. Kanyaga juu ya mstari wa misumari tu, ngazi ivuke ukingo wa paa futi tatu na ifungwe, na kaa mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani. Zoa misumari yote uliyong'oa na vipande vya chuma vya drili kwa ufagio, siku hiyo hiyo. Vikilala juu ya bati na kulowa, kila kimoja kitaacha doa lake la kutu.

Swaswa_Rangi
Na kwa wenye simtanki juu ya paa au dishi: zile bolti za miguu yake mzishughulikie siku hiyo hiyo. Washa ya mpira mpya, silikoni chini ya bamba, si pembeni mwake.